Maji Yakitulia Somo Lianze

Wizara ilitangaza kwa furaha kubwa, na kwa vipaza sauti viwili ambavyo kimoja kilifanya kazi, kwamba kuanzia muhula ule hakuna mtoto wa shule ya umma atakayefundishwa jambo lolote kabla hajawa tayari kufundishwa. Kwa miaka mingi, tangazo lilieleza, walimu walikuwa wakiingia darasani na kuanza kufundisha papo hapo, bila hata kumpima mtoto, kama watu wanaomimina mahindi kwenye gunia bila kutazama kama limefunguliwa. Tabia hiyo sasa ilikuwa imekomeshwa. Taifa lilikuwa limeingia katika zama za Utayari.

Aliyeandika tangazo hilo alikuwa Mkurugenzi wa Kitengo cha Utayari wa Mwanafunzi, mtu mpole, mwenye kitambi cha heshima, kalamu tatu mfukoni na moyo safi kabisa. Wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa mjanja. Huko ni kumsingizia. Mjanja hujua anachofanya, na Mkurugenzi aliamini.

Imani yake ilizaliwa kwenye semina ya kuinua ubora wa ufundishaji, katika ukumbi wa hoteli ambao viti vyake vilivalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi. Mtaalamu mmoja mashuhuri, mwembamba, mwenye mvi, alipanda jukwaani na glasi ya maji. Akaiweka mezani. Akaitazama. Hakusema neno. Ukumbi uliokuwa ukipiga soga kuhusu chakula cha mchana ukaanza kupunguza sauti, halafu ukanyamaza. Maji yakatulia kwenye glasi. Hapo ndipo Mtaalamu alipofungua kinywa na kusema, "Sasa tunaweza kuanza." Mkurugenzi alipigwa na butwaa. Mtaalamu aliongea siku nzima baada ya hapo, kuhusu vitabu, madawati, uhaba wa walimu na watoto wanaokuja shule na njaa, lakini Mkurugenzi hakusikia kitu. Bado alikuwa anaifikiria ile glasi.

Glasi huvunjika, kwa hiyo kamati ilikaa ikaamua kiwe kisahani. Kamati ndogo ikakaa ikaamua kiwe cha plastiki, cha bluu. Kila mwanafunzi akawekewa chake juu ya dawati, kimetiwa maji. Maji ya darasa zima yakitulia, darasa liko tayari na somo linaanza. Maji ya mtoto mmoja yakicheza, wote wanasubiri. Mbinu ilikuwa rahisi mno, hata mtu akajiuliza wazee wetu walisomaje bila hiyo.

Mwongozo wa Utayari Mkurugenzi aliuandika mwenyewe, na humo ndani vilikuwamo vifungu viwili alivyovipenda kama watoto wa kuzaa. Kimoja kilisema kwamba yeyote aliyeketi mbele ya kisahani ni mwanafunzi, awe na umri gani, awe na cheo gani, kwani utayari haubagui. Kingine kilisema kwamba somo likishaanza lisikatizwe na mtu yeyote mpaka kengele ilie. Alijua dakika ya utayari ni adimu, akataka kuilinda isije ikachezewa. Baadaye iligundulika kwamba kengele ya shule inatikisa maji, nayo ikapigwa marufuku kwa waraka. Hakuna aliyeviweka vifungu hivyo na waraka huo mezani pamoja akavitazama. Kila kimoja kilipitishwa na kamati yake.

Utekelezaji, hata hivyo, ulianzia shule moja ya mfano, iliyochaguliwa kwa makini. Ilikuwa karibu na Wizara, viongozi wangeweza kuitembelea na kurudi kabla ya chai. Kwamba ilijengwa kando ya barabara ya malori, tena mbele ya matuta, hilo lilionekana ni jambo dogo. Mwalimu wa hesabu wa darasa la mwisho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika nyumba ya pili, ndiye aliyeliuliza kwenye mafunzo. Lori likipita juu ya tuta, alisema, hata ukuta hutetemeka, je, maji yatafanyaje? Akajibiwa kwamba changamoto hiyo imezingatiwa. Akauliza imezingatiwa na nani. Akajibiwa kwamba muda wa maswali umekwisha na chai iko tayari.

Matokeo yalikuja haraka. Kabla ya mpango, watoto wa shule ile walikosa maswali mengi darasani kila siku. Baada ya mpango, hakuna hata mmoja aliyekosa swali, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Kelele zilitoweka. Utoro ulipungua, maana mtoto asipokuja kisahani chake kilibaki bila mtu na maji yake yalitulia vizuri kuliko ya wenzake, naye akahesabiwa yupo. Mkurugenzi alipotembelea darasa lile katikati ya mwaka aliwakuta watoto wamekaa wima kama mishumaa, macho kwenye maji, na mwalimu wa hesabu amesimama ubaoni na kipande cha chaki mkononi.

"Chaki hii nilipewa muhula wa kwanza," mwalimu alinong'ona, maana kusema kwa sauti kulikatazwa. "Bado nzima, Mkurugenzi. Tazama mwenyewe."

Mkurugenzi aliitazama, akafurahi. Akaagiza jambo hilo liingizwe kwenye taarifa chini ya kichwa cha habari cha matumizi bora ya vifaa.

"Na mtihani wa taifa?" mwalimu akanong'ona tena. "Nao utasubiri maji?"

"Hilo linafanyiwa kazi," alisema Mkurugenzi, na lori likapita.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa na mke, na mke alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake mbele ya nyumba na ulimi uliopita sindano zake kwa ncha. Walikuwa na binti mmoja, wa darasa la mwisho, ambaye alisoma shule ya kulipia upande wa pili wa mji, shule ambako walimu walifundisha tu hovyo hovyo, watoto wakiwa hawajatayarishwa. Siku mume aliporudi nyumbani akiusifu mpango wake kwa mara ya ngapi sijui, mke alizima cherehani.

"Kama dawa hii ni tamu namna hiyo, kwa nini mwanao hainywi?"

Mkurugenzi akaeleza habari za mipaka ya majaribio na sampuli wakilishi.

"Watakuja kusema mganga hajigangi," mke akasema. "Mhamishe."

Alidhani mume atarudi nyuma. Hakurudi. Wiki iliyofuata binti alivaa sare mpya, akapewa kisahani cha bluu, na Mkurugenzi akaona fahari ambayo hakuwahi kuionja ofisini. Na kweli mtoto alikuwa na kipaji. Alikuwa na jicho la kuona wimbi dogo kabisa kwenye kisahani cha mtu aliyekaa dawati la nyuma. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Kiranja wa Utayari, amevaa mshipi wa bluu kifuani, anapita kati ya madawati kimya kimya. Aliyekuwa na maji yanayocheza, binti alimwinamia, akatazama, kisha akasimama na kutangaza, "Hayuko tayari." Aliyetulia alimtangaza, "Yuko tayari." Hakuwa na upendeleo. Siku moja alimtangazia mwalimu mkuu mbele ya darasa zima kwamba hayuko tayari, na mwalimu mkuu akarudi ofisini kwake akakaa.

Nyumbani alianza kuweka visahani mezani. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula mpaka maji yatulie, na kwa kuwa cherehani ya mama yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta, chakula kililiwa baridi. Baba alivumilia kwa fahari. Mama alivumilia kwa kuguna.

Kilichomshinda mama ni kitambaa.

Wizara ilikuwa imeamua kuuzindua mpango nchi nzima, na meza kuu yote ingevaa sare ya kitambaa cha rangi ya maji. Waziri angekuja mwenyewe. Mtaalamu wa ile semina naye alikuwa amealikwa, kama chemchemi ya mbinu yenyewe. Mke wa Mkurugenzi akashona koti la mume wake, likakaa vizuri. Akakata mguu wa kwanza wa suruali, mita nzima. Wateja wakamzidia kibandani, akamkabidhi binti fimbo yake ya kupimia, ya mbao, ya mita moja, yenye alama za robo zilizochongwa kwa kisu, akamwambia akate mguu wa pili ulingane na wa kwanza. Akakazia kwamba mita moja ina robo nne, ahesabu mpaka robo ya mwisho. Binti akaitazama fimbo kwa utulivu mkubwa. Akaona alama tatu. Akakata kwenye alama ya mwisho.

Mama akashona usiku huohuo bila kulinganisha, maana alimwamini mtoto. Asubuhi ya uzinduzi Mkurugenzi akavaa suruali mbele ya kioo. Mguu wa kulia ulifika kwenye kiatu kama ilivyotakiwa. Wa kushoto ulikomea katikati ya ugoko, ukaacha soksi, kisha ngozi, vyote viwili vikionekana kwa uwazi unaotakiwa katika utumishi wa umma.

Mke alisimama nyuma yake, mikono kiunoni. Hakucheka. Mkurugenzi angependa acheke.

"Nimemuuliza robo ni nini," mke alisema. "Mtoto wa darasa la mwisho. Kanijibu kwamba ya shule ya zamani kayasahau, na hapa hawajafika huko, wanatayarishwa. Mtihani uko mlangoni, baba. Mlangoni! Sikiliza nikwambie. Leo ukirudi kutoka kwenye uzinduzi wako na mtoto huyu hajui robo ni nini, kesho namrudisha shule yake ya zamani. Na nitampeleka mwenyewe, mchana kweupe, nikipitia mbele ya Wizara."

Mkurugenzi alielewa uzito wa jambo. Mtoto wa mwenye mpango akitolewa kwenye shule ya mpango siku moja baada ya uzinduzi, mpango ungekufa na yeye angezikwa nao. Lakini kulikuwa na kitu kingine kilichomgusa, nacho hakikuwa na jina ofisini. Alipotoka nje alimkuta binti amekaa kwenye ngazi, mshipi umenyooshwa, anautazama ule mguu wa kushoto.

"Nimekosea wapi, baba?" aliuliza. "Nilitulia kabisa. Hata mkono haukutetemeka."

Mkurugenzi akafungua kinywa amweleze, akagundua kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alisoma mambo hayo zamani, kabla ya vyeo. Akamshika mwanawe bega, akasema hajakosea, ni kitambaa tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliyavulia hata kipande cha suruali. Wakaondoka pamoja.

Uzinduzi ulifanyika ndani ya darasa la mfano lenyewe. Meza kuu iliwekwa mbele, karibu na ubao, imefunikwa kitambaa, na juu yake kila mgeni akawekewa kisahani chake cha bluu, ili viongozi waonyeshe kwamba utayari haubagui. Waziri aliketi katikati, mtu mkubwa, mwenye hotuba nene mikononi. Mtaalamu aliketi kulia kwake. Mkurugenzi alijiweka mwisho kabisa wa meza, mguu wa kushoto ameuficha nyuma ya wa kulia. Watoto walikaa kwenye madawati yao, visahani mbele yao. Mwalimu wa hesabu alisimama kando ya ubao na chaki yake nzima. Malori, kwa agizo maalumu la Wizara, yalikuwa yamezuiwa barabarani tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza mwaka ule maji ya watoto wote yalitulia.

Kiranja akapita kati ya madawati. Kila kisahani kilikuwa kioo. Akafika mbele, akaigeukia meza kuu, akainama kukitazama kisahani cha Waziri.

"Meza kuu haiko tayari," alitangaza.

Waziri akacheka, na wote waliotakiwa kucheka wakacheka. Kisha akainua hotuba yake. Binti hakuondoka. Akaeleza kwa adabu zote kwamba maji ya mgeni rasmi yanacheza, na Mwongozo hauruhusu mtu kuzungumza kabla maji hayajatulia. Darasa zima likakitazama kisahani. Kweli, maji yalikuwa yakitetemeka kama ya mtu aliyekaa juu ya mashine ya kusaga. Mkurugenzi alijua sababu, wizara nzima ilijua. Waziri alikuwa na tabia ya kutikisa mguu. Aliutikisa kwenye vikao, aliutikisa kanisani, aliutikisa hata akilala, kwa maelezo ya walioshuhudia, na meza ilikuwa imegusana na goti lake.

"Tulia basi, Mheshimiwa," Mkurugenzi alinong'ona.

"Nimetulia," alisema Waziri, na maji yakaruka ukingo.

Wakasubiri. Joto likapanda chini ya mabati. Waziri akashika goti lake kwa mikono miwili, mguu wa pili ukaanza. Akajaribu kuvuta pumzi. Akajaribu kufumba macho. Kiranja alirudi kila baada ya muda, akainama, akatazama, akatangaza hukumu ileile kwa sauti ileile, na Mkurugenzi, aliyekaa pembeni na jasho linamtiririka, alijikuta na mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja. Alitamani mtoto alegeze. Na alijua kabisa kwamba akilegeza, hatakuwa mtoto wake.

Hapo ndipo Mtaalamu alipofanya lile alilofanya. Alikuwa mzee, alikuwa amesafiri, na darasa lilikuwa tanuri. Akakishika kisahani chake kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa maji yote. Akafuta midomo kwa leso.

Watoto wakashusha pumzi kwa pamoja. Mkurugenzi akasimama nusu, akasahau mguu. Akamuuliza Mtaalamu kama hii ni hatua ya pili ya mbinu.

"Mbinu gani?" alisema Mtaalamu. "Nilikuwa na kiu."

"Na kwenye semina? Ile glasi?"

Mtaalamu akafikiri. Kisha akakumbuka, akatabasamu. Siku ile, alisema, kipaza sauti kiliharibika, akawa anamsubiri fundi wa umeme. Ile glasi aliitazama tu kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Fundi alipompa ishara kutoka nyuma ya pazia, akasema sasa tunaweza kuanza.

Mkurugenzi akaketi. Akavifikiria visahani vya nchi nzima. Alitamani sana lori lipite. Hakuna lori lililopita, yeye mwenyewe alikuwa ametia saini barua ya kuyazuia.

Lakini Kiranja hakuwa na habari za semina. Yeye alikuwa na kisahani mbele yake na kazi ya kufanya. Akakiinamia kile cha Mtaalamu. Kilikuwa kitupu, kikavu, hakina kinachotikisika ndani yake. Akakitazama kwa muda mrefu, maana jambo lenyewe lilikuwa jipya na alitaka kutenda haki.

"Yuko tayari," akatangaza.

Waziri hakufika uwaziri kwa kuchelewa kuelewa. Akakinyakua kisahani chake akakimaliza kwa funda moja. Mwalimu mkuu, aliyekaa kushoto kwake, akanywa. Mkurugenzi akanywa. Binti akavikagua vyote, kimoja kimoja, akarudi katikati.

"Meza kuu iko tayari. Darasa liko tayari. Mwalimu, somo lianze."

Waziri alishasimama na hotuba yake, ameshasema "Ndugu zangu," wakati sauti ilipolipuka kando ya ubao, sauti iliyokuwa imefungiwa mwaka mzima.

"Sehemu!" alisema mwalimu wa hesabu, na kipande cha chaki kikagusa ubao kwa mara ya kwanza. "Leo tunajifunza sehemu za kitu kizima. Wewe wa mbele, keti."

Waziri akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dari. Ilikuwa kazi ya Kiranja kumsaidia mgeni asiyeujua Mwongozo, na akaifanya. Yeyote aliyeketi mbele ya kisahani ni mwanafunzi, alimkumbusha kwa upole, awe na cheo gani. Na somo likishaanza halikatizwi na mtu yeyote mpaka kengele ilie.

Waziri akaketi, akamwinamia Mkurugenzi mbele ya kifua cha Mtaalamu na kumuuliza kwa meno yaliyofungwa kengele italia saa ngapi.

"Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi, "kengele tuliipiga marufuku."

Mwalimu wa hesabu alifundisha. Alikuwa na mwaka mzima kifuani na hakuwa na nia ya kubakiza. Akachora mkate, akaugawa. Akachora shamba, akaligawa. Watoto waliokuwa wamekaa wima tangu muhula wa kwanza wakaanza kuinama mbele, kuandika, kuulizana, kubishana, na kelele zilizokuwa zimetoweka kwenye taarifa zikarudi zote na nyingine juu yake. Mtaalamu aliomba kalamu. Mwisho mwalimu akachora fimbo ndefu, akaiwekea alama, na akageuka.

"Nikikata fimbo hii mara tatu, napata vipande vingapi?"

"Vitatu!" walisema wengi.

"Hesabuni."

Wakahesabu kwa vidole hewani. Kiranja, aliyekuwa amesimama bado kando ya madawati, alihesabu pia. Alama tatu. Kipande, kipande, kipande. Na kipande kingine, kile kilichokuwa mbele ya alama ya mwisho, ambacho hakina alama ya kukimaliza kwa sababu kinamalizwa na fimbo yenyewe. Mkurugenzi alimwona mwanawe uso ukibadilika. Alikuwa hajauona uso ule tangu amhamishe shule, na aliona aibu kwamba alikuwa ameusahau.

"Vinne," alisema binti polepole. "Ni vinne. Alama ya mwisho siyo mwisho."

"Vizuri sana. Na mtu akikata kwenye alama ya mwisho, amepata kiasi gani cha fimbo nzima?"

"Robo tatu."

"Nani atanipa mfano wa robo tatu, humu humu darasani?"

Binti akautazama ubao, kisha akamtazama baba yake kwenye mwisho wa meza, akasita. Mkurugenzi alijua anasita kwa nini. Alijua pia kwamba mbele yake kulikuwa na Waziri, na nyuma ya Waziri kulikuwa na cheo alichokitafuta kwa miaka. Akavuta kiti nyuma, akatoka mbele ya meza, akasimama darasa zima lilipoweza kumwona, miguu yote miwili pamoja.

"Sema, mwanangu," alisema.

"Mguu wa kushoto wa suruali ya baba," alisema binti, "ni robo tatu ya mguu wa kulia."

Darasa likapasuka kwa vicheko, halafu kwa makofi, na hakuna aliyekuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko mtu mwenye suruali. Machozi yalikuwa yakimtoka. Alimkumbuka mkewe na njia ya kupitia mbele ya Wizara, akajua kwamba kesho atakuwa na maelezo mengi ya kutoa sehemu nyingi, lakini nyumbani hatadaiwa maelezo yoyote.

Waziri naye alicheka, tena kwa raha. Aliona upepo umegeuka na kuna mtu mwingine wa kuchekwa. Alikuwa bado anacheka mwalimu wa hesabu alipomnyooshea chaki, ambayo sasa ilikuwa imebaki kipande kidogo.

"Wewe wa katikati, unayetikisa mguu. Njoo ubaoni. Nusu ukiijumlisha na robo, unapata ngapi?"

Kicheko cha Waziri kikakatika. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaitazama hotuba yake, ambayo ilikuwa na kurasa nyingi lakini haikuwa na jibu.

"Mwalimu," alisema, "kwa kweli mimi... leo sijajitayarisha."

Kiranja wa Utayari akaja mbele ya meza kuu, mshipi wake umenyooka. Akakiinamia kisahani cha Waziri, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akahakikisha hakuna hata tone.

"Yuko tayari, Mwalimu," akasema, na akampisha apite.